VVU: Tusiruke hatua ya mkasi

Mhariri,

Habari za VVU zikiandikwa kwa Kiswahili gazetini, au zikisomwa kwenye redio za huku magharibi mwa Kenya, huanza vizuri. Kirusi kinaingia kwenye seli ya CD4, yaani seli ya kinga, kinageuza RNA yake kuwa DNA, na DNA hiyo inajipachika ndani ya DNA ya mtu. Halafu mwandishi anaruka mto mzima kwa hatua moja: kisha virusi vinazaana. Palepale aliporuka ndipo penye kazi yenyewe. Ndipo pia penye jibu la swali linaloulizwa kila siku ya kliniki, kuanzia Kisumu na Siaya hadi Homa Bay na Busia: kama kipimo kinasema virusi havionekani, mbona bado nimeze dawa?

Hatua inayorukwa ni ya kukata na kuunga RNA. Tunaomba nafasi ya kutosha kuieleza, kwa sababu ikifupishwa sana hugeuka uongo.

Tuanze na hesabu. VVU aina ya kwanza, ambavyo ndivyo vilivyoenea Kenya, vina jeni 9: gag, pol, env, tat, rev, nef, vif, vpr na vpu. Zote zimebanwa kwenye RNA yenye herufi kama 9,200. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, na kila moja ina mahali pake pa kuanzia kunakiliwa. Kirusi hakina anasa hiyo. DNA yake ikishajipachika kwenye kromosomu, inabaki na kianzio kimoja upande wa kushoto na kikomo kimoja upande wa kulia. Kimeng'enya cha seli yenyewe, RNA polimerasi ya pili, kinapandia kushoto na kunakili mpaka mwisho. Kinachotoka ni uzi mmoja mrefu, na kila mara ni uleule.

Sasa tatizo. Ribosomu, ile mashine inayosoma RNA na kutengeneza protini, kwa kawaida hushika uzi kichwani na kutembea hadi ikutane na AUG, herufi tatu za kuanzia, ya kwanza inayofaa. Hapo huanza kusoma, na ikifika kwenye alama ya kikomo inaachia. Haina desturi ya kurukia katikati ya uzi kutafuta jeni ya tano au ya saba. Ikipewa uzi mzima wa VVU itasoma gag, jeni ya protini za kujengea kirusi, basi. Mara chache itapitiliza hadi pol, jeni ya vimeng'enya vya kirusi, tutafika huko. Lakini env, jeni ya protini za nje ambazo kirusi hutumia kushika seli, inaanza zaidi ya herufi 5,700 kutoka kichwani. Ribosomu haifiki. Tat, rev na nef nazo ziko hukohuko nyuma, mbili za kwanza zikiwa zimekatika vipande viwili vilivyoachana kwa zaidi ya herufi 2,000.

Pale sokoni Kibuye, fundi cherehani anayejua kazi yake haanzi na mkasi, huanza na chaki. Anatandaza kitambaa, anapima kwa futi, anachora alama mbili: hapa nakata, hapa naungia. Kipande cha katikati kinaanguka chini ya meza, ncha mbili zinashonwa pamoja. Sasa mpe majora kadhaa ya mita 9 yanayofanana kabisa. La kwanza asilikate. La pili aondoe mita 5 katikati. La tatu aondoe vipande viwili, zibaki mita 2 hivi. Atapata nguo tatu zisizofanana kutoka kitambaa kilekile. VVU hufanya hivyohivyo, ila mita zigeuze kuwa maelfu ya herufi. Na mkasi si wa kirusi. Ni wa seli yetu, unaitwa splaisosomu, na seli huutumia usiku na mchana kwa jeni zake yenyewe. Kirusi kimekuja na chaki tu.

Chaki yenyewe ni herufi. Kipande cha kutupwa huanza na GU na kuishia na AG. Lakini GU na AG zimejaa kila mahali kwenye RNA, kwa hiyo majirani wao ndio wanaoamua. Tazama alama kuu ya kukatia ya VVU, inayoitwa D1. Imeandikwa hivi:

CUG / GUGAGUA

Kwenye mkwaju ndipo mkasi unapopita. Ndani ya splaisosomu kuna kipande kidogo cha RNA ya seli kiitwacho U1, ambacho hushikana na alama ya kukatia herufi kwa herufi, kama zipu. Alama inayoshikana na U1 barabara kabisa ni CAG / GUAAGUA. Linganisha: zinatofautiana kwa herufi 2 tu. Kwa hiyo D1 ni alama nzito, chaki nyeupe juu ya kitambaa cheusi. Iko mwisho wa herufi 289 za mwanzo, kabla gag haijaanza, na ndiyo maana kila RNA ya VVU iliyokatwa, ya aina yoyote ile, ina kichwa kilekile cha herufi 289.

Upande wa kuungia mambo ni kinyume. Alama nzuri ya kuungia hutanguliwa na mfululizo wa U na C, na nyuma yake kidogo huwa na A moja ambayo ncha iliyokatwa hujifunga kwayo, ikafanya kitanzi kabla ya kutupwa. Alama za VVU, yaani A1, A2, A3, kundi la A4, A5 na A7, zimeandikwa kwa mkono mbaya: mfululizo wa U na C umekatizwakatizwa na A na G. Mtu akiziona kwa haraka atadhani ni kasoro. Sivyo. Alama zikiwa hafifu splaisosomu inasitasita, na nyuzi nyingi zinapita bila kuguswa; karibu nusu ya RNA ya kirusi hubaki nzima. Jeni ya kawaida ya binadamu ikifanya hivyo mtu anaumwa. Kirusi kinahitaji zisizokatwa kama kinavyohitaji zilizokatwa, kwa hiyo uhafifu huo ndio uhai wake.

Juu ya uhafifu huo kuna breki na mafuta. Ndani ya RNA mna maandishi mafupi yanayovuta protini za seli za kundi la SR, zinazohimiza mkasi, na mengine yanayovuta hnRNP A1 na jamaa zake, zinazouzuia. Mara nyingi ya kuhimiza na ya kuzuia yamekaa bega kwa bega.

Ukitaka kuona mkasi huu unavyojua kupita pembamba, sogea kwenye A4 na A5. Maabara duniani huhesabu herufi za VVU kwa ramani moja, HXB2, kama rula ya pamoja. Kwa rula hiyo AUG ya rev inaanzia herufi ya 5,970. Alama ya A4 iliyo karibu nayo zaidi iko 5,960, na A5 iko 5,976. Kati ya alama hizo mbili kuna herufi 16. Kichwa cha herufi 289 kikiungwa kwenye A4, AUG ya rev inabaki mbele tu ya mshono, ribosomu inaikuta na kutengeneza Rev. Kikiungwa kwenye A5, AUG hiyo imeshaanguka chini ya meza pamoja na kitanzi, na ribosomu itaendelea mbele kutafuta nyingine. A3 iko nyuma kidogo, kabla ya AUG ya tat, na ukiungia hapo unapata Tat. Kutoka A3 hadi A5 hazifiki herufi 200, na humo ndimo inamoamuliwa seli itoe protini ipi kati ya tano.

Bado kuna kukatwa mara ya pili. Alama ya D4 ipo karibu na 6,045, na mwenzake wa kuungia, A7, yupo karibu na 8,379. Katikati mna mwanzo wa vpu na sehemu kubwa ya env. RNA iliyoungwa kwenye A5 ikiachwa hivyo inatoa Vpu na Env kwa pamoja: AUG ya vpu imezungukwa na herufi hafifu, ribosomu nyingi zinaipita bila kuiona na kwenda kuanzia env. RNA hiyohiyo ikikatwa pia kati ya D4 na A7 haiwezi tena kutoa Vpu wala Env. Inatoa Nef. Ndiyo kusema uzi mmoja, alama ileile ya kuungia, na tofauti ya Env na Nef ni kama mkasi ulirudi au haukurudi.

Kwa hiyo ndani ya seli moja mna RNA za VVU za marika matatu. Zisizokatwa, herufi 9,000 na ushei, hutoa Gag na Pol, na ndizo zinazopakiwa ndani ya virusi vipya. Zilizokatwa mara moja, herufi kama 4,000, hutoa Env na Vpu, Vif, Vpr, na Tat fupi. Zilizokatwa zikaisha, herufi kama 2,000, hutoa Tat, Rev na Nef. Ukihesabu kila mchanganyiko wa alama unapata aina zaidi ya 40 za RNA kutoka uzi mmoja.

Hapa linakuja jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zuri kuliko yote, na halijapata kuandikwa vizuri kwa Kiswahili. Seli ina sheria kali kwenye mlango wa kiini chake: RNA ambayo bado ina kipande cha kukatwa haitoki. Inazuiwa ndani mpaka ikatwe au ivunjwevunjwe. Sheria hiyo inalinda seli isisome takataka. Kwa VVU maana yake ni kwamba RNA za 9,000 na 4,000 zimefungiwa ndani, na bila hizo hakuna Gag wala Env, hakuna kirusi kipya. Zile za 2,000 zinapita bila kuulizwa kitu, kwa sababu zinafanana na RNA yoyote ya mtu iliyokamilika.

Basi za 2,000 zinatangulia nje, na mojawapo inabeba maagizo ya kutengeneza Rev, protini ndogo ya asidi amino 116. Rev inarudi ndani ya kiini na kutafuta kipande cha RNA chenye herufi kama 350 kilichojikunjakunja, kiitwacho RRE. Kipande hicho kiko wapi? Ndani ya env, kati ya D4 na A7. Angalia hesabu ilivyopangwa: RNA iliyokatwa ikaisha imeshaipoteza RRE pamoja na kipande kilichotupwa, kwa hiyo Rev haiijui wala haiihitaji. RNA ambayo haijaisha ndiyo bado inayo. Alama ya kutokamilika ndiyo hiyohiyo inayoifungulia mlango.

Rev moja haitoshi. Zinapangana kadhaa juu ya RRE, kisha zinaonyesha mkia wao kwa CRM1, mbebaji wa seli anayetoa mizigo nje ya kiini akiwa na mwenzake Ran aliyebeba GTP, molekuli ya nishati. Wakishavuka tundu la kiini GTP inavunjwa, mzigo unaachwa, Rev inarudi ndani kuchukua mwingine. Kwa kuwa zinahitajika nyingi kwa pamoja, Rev kidogo ni sawa na hakuna. Saa za mwanzo za maambukizi ya seli huonekana RNA za 2,000 peke yake. Rev ikifikia kiwango, za 4,000 na 9,000 zinafuata. Wakati huo Tat nayo imekwisha rudi kwenye DNA ya kirusi. Inashika kipini cha herufi 59 kilicho mwanzoni kabisa mwa RNA, TAR, na kumleta CDK9 na saiklini T1, protini mbili za seli, ambao humwondolea polimerasi breki. Bila Tat, polimerasi nyingi huanza kazi na kukwama baada ya herufi chache tu.

Si retrovirusi zote, yaani virusi vya jamii ya VVU vinavyogeuza RNA yao kuwa DNA, zina mpango huu. Vile vya panya vinavyosababisha lukemia vina alama kuu moja ya kukatia na moja ya kuungia: isiyokatwa hutoa Gag na Pol, iliyokatwa hutoa Env, kazi imeisha. Kirusi cha tumbili kiitwacho Mason-Pfizer hakina Rev. RNA yake ina kipande kinachomshika moja kwa moja mbebaji mwingine wa seli, NXF1. HTLV-1, retrovirusi nyingine ya binadamu, kina protini yake ya kazi ya Rev, inaitwa Rex. Na tusisahau kwamba kukata na kuunga kwenyewe kuligunduliwa mwaka 1977 kupitia kirusi, adenovirusi, na Phillip Sharp na Richard Roberts, wakapewa Nobel mwaka 1993. Virusi ndivyo vilivyotufundisha kwamba jeni zetu wenyewe zimekatikakatika.

Tuliahidi pol. Pol haipatikani kwa mkasi hata kidogo, na makala nyingi huchanganya hapa. Karibu na mwisho wa gag kuna herufi UUUUUUA, na mbele yake RNA imejikunja kama kipini. Ribosomu ikifika hapo, karibu mara 5 kati ya 100, inateleza nyuma herufi 1 na kuendelea kusoma kwa mpangilio mwingine, ikiingia pol. Ndiyo maana kwa kila Gag 20 kuna Gag-Pol 1 hivi. Kipimo hicho kina maana: kirusi kimoja kinajengwa kwa Gag zipatazo 2,000 au zaidi, lakini vimeng'enya vinahitajika vichache. Uwiano huo ukivurugwa virusi vinavyotoka havifai.

Halafu kuna mkasi mwingine kabisa. Gag na Pol zikishatengenezwa ni protini ndefu, na kimeng'enya cha kirusi kiitwacho protisi huzikatakata kuwa p17, p24, p7, kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, intigresi ya kuipachika DNA hiyo, na kadhalika. Dawa kama atazanaviri, lopinaviri na darunaviri huzuia mkasi huo wa protini. Hazigusi mkasi wa RNA. Kwa Kiswahili zote mbili huandikwa "kukata", na msomaji anabaki akidhani dawa ya kuzuia kukata na kuunga RNA ipo kliniki. Haipo. Tunapendekeza waandishi waseme "kukata na kuunga RNA" kwa ile ya kwanza na "kukatakata protini" kwa ya pili, na wasizichanganye hata nafasi ikibana.

Upakiaji nao unategemea D1. Kirusi kipya hubeba RNA 2 nzima, zisizokatwa. Gag inazitambuaje katikati ya RNA zote zilizojaa kwenye seli? Alama ya kupakia, inayoitwa sai, sehemu yake muhimu iko baada tu ya D1. Mkasi ukipita D1, alama hiyo inatupwa. RNA iliyokatwa haina tiketi.

Kinachoharibika kinaeleza mengi. Herufi za D1 zikibadilishwa maabarani, mkasi hutafuta GU nyingine jirani, na uzalishaji wa virusi huanguka. Jambo la kushangaza zaidi ni kuondoa breki. Kuna maandishi ya kuzuia karibu na A2. Yakiharibiwa, mkasi unafanya kazi kupita kiasi na RNA nzima zinapungua. Mtu angetarajia virusi vizidi kwa kuwa mkasi umechangamka. Virusi vinapungua, kwa sababu Gag imekosa RNA ya kusomwa. Mabadiliko mengine hayabadilishi asidi amino hata moja, kwa macho ya kawaida ni bure kabisa, lakini yakigusa maandishi ya kuhimiza au kuzuia yanavuruga mpango mzima. Mwanafunzi anayesoma jeni za VVU kwa kutazama protini tu atayapita bila kuyaona.

Sasa turudi kliniki. Kidonge kimoja kwa siku ambacho wengi wanameza Kenya kina miligramu 300 za tenofoviri, 300 za lamivudini na 50 za dolutegraviri. Mbili za kwanza huzuia RNA kugeuzwa DNA. Ya tatu huzuia DNA kujipachika. Zote tatu hufanya kazi kabla ya hatua tuliyoieleza. Seli ambayo DNA ya kirusi imekwisha kujipachika ndani yake haiguswi. Inaweza kunakili, kukata, kuunga na kutoa virusi, ila virusi hivyo vikitoka vinakuta seli nyingine zimefungwa. Sindano ya lenakapaviri ya kila miezi 6 hushika ganda la p24, ambalo ni tunda la RNA isiyokatwa. Nayo haimzuii fundi asikate.

Sehemu kubwa ya seli zilizobaki na kirusi zimelala. Ni seli za kumbukumbu za CD4, na ndani yake polimerasi huanza kunakili lakini mara nyingi haifiki mwisho, na RNA chache zinazokamilika hazikatwi vya kutosha. Bila kukatwa hakuna Tat wala Rev. Bila Rev hakuna kinachotoka. Kirusi kimenyamaza, hakijafa. Hifadhi hiyo hupungua polepole sana, inachukua takriban miezi 44 kufikia nusu. Seli ikiamshwa, mzunguko unaanza tena kwa RNA za 2,000, na kama dawa imeachwa, virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache. Hilo ndilo jibu la anayeuliza kwa nini asiache. Anastahili kupewa jibu hilo lote, si kuambiwa tu kwamba ni amri ya daktari.

Watafiti wamejaribu kugusa mkasi. Obefazimodi, iliyotengenezwa Ufaransa, hufanya RNA ya VVU ikatwe zaidi ya inavyotaka, kwa mantiki ileile ya breki iliyoondolewa. Ilijaribiwa kwa watu wenye VVU, kisha watengenezaji wakaigeuzia kwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Ugumu ni huu: splaisosomu ni ya mtu, ukiishika kwa nguvu unaumiza seli zake. Dawa inapaswa kugusa chaki ya kirusi, isiguse mkasi wa mwenyeji.

Kipimo cha wingi wa virusi nacho kieleweke. Hakihesabu virusi, kinahesabu nakala za RNA katika mililita 1 ya plazima, sehemu ya majimaji ya damu, na kwa kuwa kila kirusi kina 2, nakala 1,000 ni virusi 500. RNA hizo ni zile zisizokatwa, maana ndizo zinazosafiri. Kipimo hakioni kinachoendelea ndani ya seli zilizolala. "Havionekani" ni habari ya plazima, na ni habari njema sana, kwa sababu asiye na virusi vinavyoonekana hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Haisemi kwamba DNA ya kirusi imeondoka.

Kwa wanafunzi wa vyuo, wa Maseno au wa Egerton kule Njoro, wanaotaka kuziona RNA zilizokatwa kwa macho yao, haya ndiyo yanayowaangusha wengi. Damu ichukuliwe kwenye mrija wa EDTA wenye kifuniko cha zambarau. Mrija wa heparini usitumiwe, kwa sababu heparini huzuia PCR, njia ya kuzidisha DNA ili ionekane. RNA ikishatolewa ihifadhiwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na freza iwe na jenereta nyuma yake, kwa sababu stima ikipotea wikendi nzima hakuna cha kuokoa Jumatatu. Isafishe kwanza kwa kimeng'enya cha kula DNA, kisha igeuze kuwa DNA, na kila sampuli iwe na mrija wa pili usiowekwa kimeng'enya cha kugeuza. Mrija huo wa pili ukitoa ishara, ulichopima ni DNA ya kirusi iliyojipachika, si RNA, na matokeo yote ya gag ya siku hiyo hayafai.

Praima, kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia kunakili, ya mbele iwekwe ndani ya herufi 289 za kichwa, ya nyuma baada ya A7. RNA iliyokatwa ikaisha itatoa vipande vya herufi mia kadhaa. Isiyokatwa ingetakiwa kutoa zaidi ya 7,000, na Taq ya kawaida, kimeng'enya cha PCR, hunakili kama 1,000 kwa dakika, kwa hiyo ukiweka muda wa kurefusha wa sekunde 30 haitaonekana. Hilo ni kusudi, si kosa. Kosa linalorudiwa ni kusoma matokeo kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1 na kuandika kwamba kuna mstari mmoja wa Nef. Kumbuka herufi 16: aliyeungwa kwenye A4 na aliyeungwa kwenye A5 wako kwenye mstari huohuo mnene. Tumia jeli ya akrilamaidi ya asilimia 6, au usome herufi zenyewe kwenye mshono.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Mara nyingine gazeti likichora safari ya VVU, mchoraji aweke picha ya uzi mmoja wenye marika yake matatu kati ya "DNA imejipachika" na "virusi vinatoka", na aandike kando ni RNA ipi inayotoka bila Rev na ipi inayoisubiri. Nafasi ya sentimita 5 kwa 8 inatosha.

Wahudumu wa maabara na wakufunzi wa baiolojia,
Kisumu